Waya Uchi (9): Kibao Kisicho na Mwenyewe

Mjinga wa siku ile alikuwa Fiachra Bonner, na yeye mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo atakuambia kabla hujamaliza kumsalimu: "Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nilikuwa nimepanda juu ya spika ili kila mtu anione vizuri."

Tulimwacha huko huko juu ya spika, Jumapili saa tisa na nusu alasiri, katikati ya soko la Glenlaheen, mguu mmoja mbele, gitaa la umeme limeinuliwa kama jembe. Watu elfu moja chini yake walikuwa wameruka pamoja na kupiga kelele yao ile moja: "Toka!"

Kisha kimya.

Sasa, kimya hicho kilikuwa ndani ya kibao. Anayeijua bendi ya Waya Uchi anajua mambo yanavyokwenda. Katikati ya kibao chao kikubwa vyombo vyote hukatika ghafla, umati unasema "Toka", halafu gitaa, fidla na ngoma vinarudi kwa pamoja kama mvua ya mawe juu ya bati. Watu wakasubiri bati lilie.

Fiachra akarudi. Vidole vilirudi, nywele zilirudi, kiuno kilirudi. Kilichokosekana ni sauti.

Akapiga hivyo muda mzima wa kumenya kiazi, macho kayafumba. Gitaa la umeme lisilo na umeme hulia kama mbu ndani ya chupa, na huyu bwana alikuwa akiwapigia mbu watu elfu moja huku akitikisa kichwa kwa raha.

Murt, mpiga ngoma, hakuwa na haja ya umeme, kwa hiyo naye alichelewa kujua. Alipojua, akaweka fimbo zake chini.

"Fiachra. Shuka."

"Endelea kupiga."

"Shuka, ndugu yangu. Unatuaibisha, na hatuna hata kelele ya kufunikia."

Sorcha, mpiga fidla, alishateremsha upinde. Macho yake yalikuwa yakiufuata waya. Waya ulishuka kutoka kwenye trela la trekta lililokuwa jukwaa, ukapita chini ya kibanda cha chipsi, ukaingia dirishani katika duka la nyama la Hegarty, ambaye ndiye aliyejitolea soketi yake kwa sherehe.

Dirishani alisimama mama mmoja mwenye koti la Jumapili. Alikuwa ameshika plagi kwa vidole viwili, kama mtu aliyemshika panya mkia.

Fiachra akamtambua. Alikuwa Attracta Meehan, mke wa mzee Condy, mpiga fidla.

"Nani huyo?" Prendergast akauliza kutoka pembeni ya jukwaa.

Bwana Prendergast alikuwa wakala kutoka Dublin, mwenye viatu visivyojua matope. Mfukoni alikuwa na mkataba wa miji ishirini. Saa kumi na moja kamili redio ya mkoa ingerusha Waya Uchi moja kwa moja kutoka soko lile. Kibao kikienda vizuri, mkataba utatiwa sahihi. Kisipokwenda, Murt arudi kiwanda cha samaki, Sorcha apande ndege ya kuhamia Perth, ng'ambo ya dunia, siku ya Alhamisi, na Waya Uchi ibaki bendi ya mtu mmoja na spika tatu.

"Ni jirani," Fiachra akasema. "Nipe dakika mbili."

* * *

"Mama Attracta, shikamoo. Tafadhali, irudishe hiyo plagi."

"Nitairudisha. Kwanza nijibu. Kibao hicho umekitoa kwa nani?"

Kwetu sisi swali hilo si dogo. Mtu akipiga kipande, hata awe na uzi mmoja na nusu, humtaja aliyempa: hiki nimekitoa kwa fulani, naye alikitoa kwa shangazi yake. Usipotaja ni sawa na kula kwa watu ukaondoka bila ahsante, na kijiko chao mfukoni.

Fiachra akatoa jibu alilozoea kulitoa redioni. "Ni cha zamani, mama. Hakina mwenyewe. Kimekaa hewani miaka mia tatu."

"Mia tatu."

"Ni kibao cha vita. Wahenga walipowafukuza wavamizi ufukweni, wakasema toka."

Hegarty, aliyekuwa akikata soseji, akasimamisha kisu ili asikie vizuri.

"Wavamizi wangapi?" Attracta akauliza.

"Hawakuhesabiwa, mama."

"Mimi niliwahesabu. Alikuwa mmoja. Alikuwa na miguu minne, na jina lake Meja."

Fiachra akaitupia jicho plagi.

"Siku ya kubeba mboji kavu ya kuwashia moto," Attracta akasema. "Miaka mitatu Agosti hii. Ulitusaidia kwa gari lako, nakushukuru mpaka leo. Baadaye watu wakaingia jikoni kwangu kunywa chai, Condy akachukua fidla yake. Akapiga kibao alichokitunga mwenyewe majira ya baridi, ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekisikia isipokuwa mimi na ng'ombe. Nilikuwa nimeweka paja la nguruwe mezani lipoe. Mbwa akalidaka. Condy akasimamisha upinde, akasema 'Toka', mbwa akatoka, nyama nayo ikatoka, Condy akaendelea kupiga. Hakuna kimya katika wimbo ule, Fiachra. Hakuna vita. Kuna mbwa."

"Paja lile lilitoka kwangu," Hegarty akasema. "Ratili saba. Nilisikia uchungu."

"Kata soseji, Hegarty."

"Nakata."

"Sasa wewe," Attracta akaendelea, "wakati huo hukuwa jikoni. Ulikuwa umeitwa nje usogeze gari, limemzibia padri njia. Kilichobaki jikoni ni koti lako, kwenye msumari nyuma ya mlango. Hebu niambie, mwanangu. Koti lako lina masikio?"

Wasomaji wangu, mimi nimeshikwa mara nyingi maishani, na nawaambia kwamba hakuna kushikwa kubaya kama kushikwa na mtu aliyekuandalia chai. Jikoni kwa Condy sheria ilikuwa moja tu, tangu enzi za baba yake. Hakuna kurekodi. Sikio ndilo mfuko. Kilichodondoka si chako. Kila mtu Glenlaheen aliijua. Fiachra naye aliijua, ndiyo maana simu aliiacha ndani ya koti, inarekodi.

Jioni yake aliisikiliza ndani ya gari. Katikati ya lahani, kimya, kisha sauti ya mzee: "Toka." Nywele zilimsimama. Akadhani amesikia kitu cha kale kuliko kanisa. Akakijengea ngoma, akakiwekea gitaa, akachapisha fulana. Hata dakika ile, nje ya dirisha, kulikuwa na watu wapatao mia mbili waliovaa neno TOKA kifuani kwa herufi nyekundu.

Kwa ajili ya mbwa na paja.

"Sawa," akasema polepole. "Sawa, mama. Tuseme ni hivyo. Lakini kingekuwa wapi bila sisi? Jikoni. Sasa kinajulikana nchi nzima."

"Kibao kinajulikana. Asiyejulikana ni Condy."

"Si angeniambia tu? Ningemtaja."

Attracta akaiweka plagi juu ya mizani ya nyama, kama kitu alichokuja kukipima.

"Mwezi wa tatu ulisema redioni kwamba hakina mwenyewe. Condy alikuwa kule nyumba ya wazee anakotunzwa sasa, sebuleni na wenzake. Akasema, 'Hicho changu.' Muuguzi akampapasa mkono, 'Ndiyo, Condy, chako.' Akasema tena. Akaeleza habari za mbwa. Wakaandika. Akaeleza habari za nyama. Wakaandika. Siku ya tatu akaja daktari, akamwuliza leo siku gani na mbili mara saba ni ngapi. Akajibu yote sawasawa, halafu akaongeza, 'Na kibao ni changu, na mbwa alikuwa na paja.' Wakamwongezea kidonge."

Hegarty hakukata soseji.

"Sasa kibao kikipigwa redioni, wanaizima ili asichachamae. Mume wangu ana akili kumshinda huyo daktari. Lakini kwenye faili ameandikwa kachanganyikiwa, na aliyemwandika ni mdomo wako."

Fiachra alitafuta pa kuweka mikono. Huna pa kuweka mikono katika duka la nyama.

"Unataka nifanye nini, mama?"

"Saa kumi na moja utakuwa redioni, na kule nyumba ya wazee redio itakuwa wazi. Nimeshasema na mpishi. Utasema umekitoa kwa nani, na umekitoa vipi. Na mbwa umtaje kwa jina. Ukinikubalia, plagi hii inarudi ukutani."

"Hatasema kitu kama hicho," ilisema sauti mlangoni.

* * *

Alikuwa Prendergast. Alishakuwa pale muda, maana mwavuli wake ulikuwa umeacha kidimbwi.

"Nimeuza miji ishirini kwa kelele ya mashujaa," akasema. "Matangazo yameshabandikwa. Siwezi kwenda kuwaambia watu wa Cork na Limerick kwamba wanamfukuza mbwa."

"Watafurahi," Hegarty akasema. "Watu wa Cork wanapenda nyama."

"Halafu kuna jambo la pili. Mtunzi aliyekufa miaka mia tatu iliyopita hana wakili. Mtunzi aliye hai anatia sahihi, anabadili mawazo, ana wajukuu. Fiachra, nisikilize vizuri." Akashusha sauti, lakini duka la nyama lina vigae na vigae havitunzi siri. "Huna haja ya kudanganya. Nyamaza tu. Mzee mwenyewe faili lake linasema kachanganyikiwa. Nani atamsikiliza?"

Akatoa mkataba, akaukunjua juu ya kaunta, mbali kidogo na soseji. Akaweka kalamu juu yake.

Fiachra akaitazama kalamu. Siwezi kumsifu hapa kwa kitu ambacho hakukifanya. Hakuisukuma. Aliifikiria miji ishirini, akaufikiria uso wa mama yake akisoma jina lake ukutani, akafikiria kwamba kunyamaza ni kazi rahisi, hata jiwe linaiweza. Mkono wake ukasogea. Ukafika kwenye kalamu.

"Mama Attracta," ilisema sauti nyingine. "Baada ya mbwa kutoka, kiliendelea vipi?"

Sorcha alikuwa amesimama nyuma ya Prendergast na fidla yake ya umeme kwapani, nywele zimelowa. Hakumtazama Fiachra. Alikuwa akimtazama mama kama mtu mwenye njaa.

"Kiliendelea na sehemu ya kwanza na ya pili, binti. Kisha ya tatu."

"Ipo ya tatu?"

"Ndiyo iliyo nzuri. Hizo mbili nyingine ni ngazi tu za kupandia."

Sorcha akageuka. "Fiachra. Ipo sehemu ya tatu?"

Fiachra akaiacha kalamu. "Simu ilikwisha chaji," akasema.

Murt naye alishaingia, akiwa na pakiti ya chipsi. Umeme ukikatika katika sherehe zetu hakuna anayekwenda nyumbani. Watu hununua chipsi. "Subiri," akasema. "Kwa hiyo miaka miwili tunazunguka Donegal nzima na nyumba isiyo na paa?"

"Murt, si sasa."

"Nauliza tu. Maana mimi ndiye ninayeibeba."

"Mzee anaipiga bado?" Sorcha akauliza.

"Mikono haishiki upinde tena," Attracta akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua. "Iko kichwani mwake tu. Na hicho kichwa kinapewa vidonge viwili asubuhi, viwili jioni."

"Ni kilomita nne mpaka nyumba ya wazee. Gari la Fiachra liko hapo nje. Tukitoka sasa..."

"Kwenda kufanya nini? Mtakuta uji, yeye hayupo." Attracta akaelekeza dirishani kwa plagi. "Nilimwombea ruhusa ya kutoka kwa muda wa saa tatu. Nikasema nampeleka kusali."

Wote wakatazama nje.

Mstari wa mbele kabisa, chini ya jukwaa, kulikuwa na kiti cha magurudumu kilichofunikwa plastiki ya mvua. Ndani yake mlikuwa na mzee mdogo kama kuku aliyelowa, anakula chipsi kwa uma wa mti. Plastiki ilikuwa imefunguka kifuani, na chini yake alikuwa amevaa fulana. TOKA, ilisema, kwa herufi nyekundu.

"Kainunua mwenyewe," Attracta akasema. "Kakataa nimlipie."

* * *

Fiachra alichuchumaa mbele ya kiti, mvua ikimwingia shingoni. Alikuwa ameandaa maneno njiani, na njia yenyewe ilikuwa hatua thelathini, kwa hiyo maneno hayakuwa mengi.

"Mzee Condy."

"Wewe ndiye mwenye koti."

"Ndiyo, mzee."

"Koti zuri. Lina sikio kukupita."

"Mzee, nisamehe."

"Taratibu. Hasira hii nimeipakia tangu mwezi wa tatu, usiniharakishe kuishusha." Condy akatafuna chipsi moja mpaka mwisho. "Nilikuja hapa nikupige kwa hii fimbo. Attracta ashike plagi, mimi nishike fimbo, ndivyo tulivyopanga kando ya kitanda changu. Halafu watu elfu moja wakamfukuza Meja kwa sauti moja. Amekufa Krismasi iliyopita, maskini. Hajawahi kupewa heshima hiyo akiwa hai. Nikajikuta na mimi naruka."

"Huwezi kuruka, Condy," Attracta akasema nyuma yake, plagi bado mkononi, waya ukimfuata.

"Nimeruka kwa ndani." Akamtazama Fiachra. "Nusu ya hasira ikanitoka. Nusu imebaki, na hiyo ni yako."

Sorcha akapiga goti upande wa pili. "Mzee, mimi naitwa Sorcha. Naomba sehemu ya tatu."

"Simu yako iko wapi?"

Akaitoa, akamrushia Murt. Murt akaitia ndani ya pakiti ya chipsi, pamoja na yake.

Condy akafumba macho. Akaanza kuiimba kwa ulimi tu, bila maneno, di-dal-da, sauti imekauka kama mlango wa ghala. Lakini lahani ilipanda pale ambapo sikio lilitegemea ishuke, ikakaa huko juu kidogo kama mtu aliyefika kileleni akasahau alichofuata, kisha ikashuka mbio. Mpishi wa chipsi akazima feni yake ili asikie.

Fiachra akasogea. Vidole vyake vilishaanza kutafuta nyuzi hewani.

Condy akanyamaza.

"Koti lirudi nyuma," akasema.

Fiachra akarudi nyuma hatua tatu. Condy akaendelea.

Aliiimba mara nne. Mara ya tano Sorcha akaweka fidla shingoni, akaijaribu. Fidla ile haikuwa na tumbo. Ilikuwa kipande cha mbao na waya, na bila umeme ilinong'ona tu. Condy hakusikia kitu. Akainama mbele, akaegemeza paji la uso kwenye mbao yenyewe, na Sorcha akapiga huku mzee kashikana na fidla kwa mfupa.

"Hapo ulipopanda umeharakisha," akasema. "Ngazi ya mwisho ina utelezi."

Akarudia.

"Hapo sawa. Tena."

Fiachra alisimama hatua zake tatu nyuma, katika mvua, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alijua maana ya kuwa nje ya jikoni. Aliona midomo ya mzee. Aliona upinde. Alichosikia ni mvua tu.

Prendergast akamjia na mkataba ndani ya mfuko wa plastiki. "Imebaki robo saa. Nijibu. Unanyamaza, au unasema?"

"Nasema."

"Fikiri."

"Nimefikiri dukani, na nilichokifikiria sikukipenda. Nasema. Jina lake, jiko lake, koti langu, mbwa."

"Basi miji ishirini imekwenda."

"Iende."

Prendergast akarudisha mkataba mfukoni. Lakini hakuondoka. Akasimama chini ya mwavuli wake akiitazama ile fidla inayonong'ona, na mguu wake mmoja, ule wenye kiatu kisichojua matope, ulikuwa ukipiga mapigo ndani ya kidimbwi.

* * *

Saa kumi na moja kasoro dakika tano mtangazaji wa redio aliinua mkono. Attracta akavuka barabara na plagi yake. Sekunde chache baadaye spika zikakohoa, zikaguna, na umati ukajikusanya tena mbele ya jukwaa, fulana kwa fulana.

Fiachra alikuwa ameshavaa gitaa. Alijisikia mwepesi, karibu mwema. Hilo ndilo kosa la watu kama yeye, na nalijua kwa sababu nimewahi kuwa mmoja wao: tukikubali kosa moja tunadhani tumelipia yote. Akainama kwenye kiti cha magurudumu.

"Mzee, nitasema kila kitu. Kila kitu, kwa jina. Lakini nionjeshe na mimi hiyo sehemu ya tatu, mara moja tu. Gitaa ndilo linaloongoza. Watu wanakuja kwa ajili ya gitaa."

"Sehemu ya tatu nimempa binti."

"Sawa, anayo. Tuipige wote wawili."

"Huijui."

"Nifundishe, basi."

"Nilikufundisha miaka mitatu iliyopita. Ulikuwa nje unasogeza gari."

Murt akacheka, akajifanya anakohoa. Sorcha alikuwa akikaza nyuzi, hakuinua macho.

"Mzee, hii ni bendi yangu," Fiachra akasema. "Nimeianzisha gereji kwa baba yangu. Spika ni zangu. Gari ni langu. Nitamwambia nani kwamba kwenye sehemu nzuri kuliko zote mimi sipigi?"

"Waambie redio. Si unakwenda huko?"

"Kama mtoto," Attracta akasema. Alisharudi, mikono mitupu. "Mwangalie. Ameshatubu, sasa anataka keki."

"Sitaki keki, mama. Nauliza jambo la kazi." Mtangazaji alikuwa akihesabu kwa vidole, vitano, vinne. Fiachra aliongea haraka. "Tunapiga ya kwanza, tunapiga ya pili, vyombo vinakatika, watu elfu moja wanasema toka, halafu Sorcha anaingia na ya tatu peke yake. Vizuri. Na mimi hapo katikati ya jukwaa, redioni, mbele ya kijiji changu, nifanye nini?"

Condy akafuta chumvi vidoleni, akaifunga vizuri plastiki yake ya mvua.

"Alichofanya Meja," akasema. "Wakisema toka, unatoka."